Dakika Tatu kwa Kila Mkazi

Kumbukumbu za Jumanne, kikao cha saa moja jioni,
ukumbi mpya wa manispaa ya Pecan Fork, Texas,
unaonuka rangi bado.
Waliohudhuria: meya, madiwani sita,
wakazi mia na kumi na wawili, wengine wamesimama,
na mimi, karani, niandikaye kila kitu
isipokuwa kilichotokea.

Nilipoajiriwa tulikuwa watu elfu nne na taa moja ya barabarani.
Leo tu elfu sitini na nane.
Shamba la pamba la akina Stuckey limeota mapaa,
mapaa ya rangi moja, kwa mistari, kama yalipandwa kwa trekta,
na kila mtaa umepewa jina la kitu kilichong'olewa
ili mtaa upite:
Mtaa wa Mialoni. Mtaa wa Kware. Njia ya Malisho.

Ajenda namba saba: kiwango cha kodi ya majengo.
Mezani pangu pana taa tatu.
Kijani, sema. Njano, malizia.
Nyekundu, kaa.

Bwana Anantharaman, wa Mtaa wa Kware, alianza.
Binti yake anasomea kwenye kontena nyuma ya shule,
na mvua ikinyesha mwalimu hufundisha hesabu kwa ndoo.
"Mlituita, tukaja. Siku ya mgeni imekwisha,
jembe tunalo mkononi.
Pandisheni kodi, mjenge madarasa."
Nusu ya ukumbi ilipiga makofi, nusu ilikunja mikono.

Akafuata Verna Stuckey, miaka themanini na mmoja,
bahasha ya mthamini ameikunja mara nne kama leso.
"Nililala maskini, nikaamka tajiri.
Sikuongeza hata msumari.
Paa lilelile, bomba lilelile linalokohoa asubuhi,
nanyi mnasema nyumba imepanda mara tatu.
Sawa. Nikate kipande cha sebule
nikilete hapa kaunta?"
Watu walicheka. Yeye hakucheka.
Taa ikawa nyekundu.
Akaitazama kama ng'ombe wa jirani aliyevuka ua,
akaendelea.

Meya Kopecky, ambaye wikiendi huuza nyumba,
alisema ukuaji utalipia ukuaji.
Nikaandika. Nimeiandika sentensi hiyo
miaka kumi na mmoja, na risiti yake sijaiona.

Ghala kubwa la kando ya barabara kuu
halikuja kuzungumza. Halikuhitaji dakika tatu.
Msamaha wake wa kodi, miaka kumi,
ulipita kwenye ajenda namba nne, Mambo ya Kawaida,
kwa sauti moja, pamoja na ununuzi wa viti.
Ndivyo viti tulivyokalia.

Kura: nne kwa tatu, kodi ipande.
Diwani Thibodeaux aliinua mkono nusu,
kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni,
nami nilipaswa kuuhesabu mkono mzima.

Kumbukumbu zinasomeka: *Bw. Anantharaman aliunga mkono.
Bi. Stuckey alipinga.*
Basi. Hakuna ndoo, hakuna sebule.

Nilizima taa, nikafunga mlango, nikatoka.
Kwenye maegesho gari la Verna lilikataa kuwaka.
Anantharaman ameinama juu ya injini,
waya mwekundu, waya mweusi,
na bado wanabishana:
yeye akitaja madarasa, Verna akitaja bomba,
"kaza hapo, si hapo, hapo,"
na hapakuwa na taa ya kuwakatiza.

Niliketi garini kwangu, bahasha yangu ya mthamini
kwenye kiti cha pembeni, haijafunguliwa,
nikasikiliza mpaka injini iliponguruma
na wao hawakuondoka.

Hilo sikuliandika.
Kikao kilifungwa rasmi
saa nne na dakika sita.